Mwoga wa Mlangoni

Mimi ni mwoga. Nalitanguliza hili ili asije mtu akanikatiza baadaye akidhani ananifichua. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wa pembe ndefu wa kule bondeni, naogopa maji yanayopita kiuno, na kuliko vyote naogopa shimo lenye giza. Nilizaliwa Sange, kwenye mashamba ya mpunga, ambako maji yakizidi yanafika gotini na chura ndiye mnyama mkali. Kama mke wangu asingekuwa mtoto wa Kalundu, nisingelisogelea ziwa hata kwa kubembelezwa. Lakini penzi halina macho. Nilioa, nikahamia bandarini, na baba mkwe akaniingiza katika kundi lake la wapakuzi wa meli.

Yeye ndiye aliyekuwa kapita wetu, msimamizi wa kazi. Alikuwa mtu mfupi mwenye viganja vipana, na alianza kupakua mizigo pale Kalundu kabla ziwa halijapanda na kulimeza gati la zamani. Mwanawe wa kiume, shemeki yangu, alikuwa katika kundi hilohilo. Huyo alibeba mifuko miwili ya saruji pale ambapo mimi nilihangaika na mmoja, tena alibeba akiimba. Wenzangu walinicheka kila siku. Walisema mtu wa mpunga akiona ubao wa kushukia unatikisika, anashika ukuta ambao haupo.

Tumbo la meli ya mizigo ni chumba cha chuma kilicho chini ya sitaha. Halina dirisha. Unaingia kwa kupitia mdomo wa mraba unaofunikwa kwa mfuniko mzito, kisha unashuka kwa ngazi ya chuma iliyobandikwa ukutani, nyembamba, inayotosha miguu ya mtu mmoja. Kila nilipokanyaga kidato cha kwanza, mate yalinikauka. Watu waliniambia nitazoea. Miaka ilipita, sikuzoea.

Sisi tulikuwa na desturi yetu. Meli ikifunguliwa, hakuna anayeshuka kabla ya kapita. Anashuka peke yake. Akifika chini anapiga gunia la kwanza kwa kiganja, pa! pa!, halafu anaita, "Muzigo iko?" Sisi tulio juu tunajibu kwa sauti moja, "Iko!" Hapo ndipo anaposema, "Haya, mushuke." Wengine hueleza kwamba zamani nyoka walisafiri ndani ya magunia, na kapita alikuwa akiwafukuza kwa kelele. Wengine husema ni kutazama kama magunia yamelala vizuri, yasije yakamporomokea mtu. Mimi niliona ni heshima tu, kwamba mkubwa ndiye anayetangulia. Kapita ambaye angemtuma mtu mwingine ashuke kabla yake angechekwa kutoka Kalundu mpaka Kavimvira.

Kisha akaja mwalimu wa usalama kazini. Alitoka mbali, alivaa viatu vizito, na alitukusanya kwenye hangari moja la mizigo karibu na mahali wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Tulikwenda kwa sababu tuliahidiwa soda. Lakini mtu yule alijua kutisha. Alituambia kwamba nafaka iliyolowa ni kitu kinachopumua. Ukiifungia ndani ya tumbo la meli, inakula ile hewa tunayoihitaji sisi na kutuachia nyingine isiyo na rangi wala kelele. "Haitakukohoza," alisema. "Haitakuwasha macho. Utaanguka tu." Alikuwa na kidude cha manjano kinacholia hewa ikiwa mbaya. Alikishusha kwa uzi ndani ya pipa alimokuwa amefungia mahindi mabichi tangu alipofika, nacho kikalia kama kifaranga aliyepotea. Wenzangu walipiga makofi. Mimi usiku ule sikupata usingizi, na mke wangu alipouliza, nilimwambia nimekula maharage mengi.

Siku moja alimlaza mtu chini katikati ya hangari. Alichora mraba wa chaki kumzunguka, akasema huo ni mdomo wa tumbo la meli. "Mwenzenu ameanguka humo. Mufanye vile munafanyaka." Hakumaliza kusema. Kundi zima lilikimbia, shemeki yangu mbele, wakaingia ndani ya mraba wakimnyanyua yule mtu kwa miguu na mikono, wakicheka na kusukumana. Mwalimu alingoja mpaka wakatulia.

"Mumekufa bote," akasema.

Kisha akaniona. Nilikuwa nimebaki peke yangu nje ya chaki. Sikuwa nimefikiria lolote la maana. Niliogopa tu, na mtu akiogopa miguu yake inakuwa mizito. Mwalimu aliniuliza kwa nini sikukimbia. Nilisema ukweli, kwamba naogopa mashimo, hata ya chaki. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akajipalia kwa soda. Mwalimu hakucheka. Aliniweka kando ya mraba na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo mimi ndiye mlinzi wa mlango. Kazi ya mlinzi ni kukaa juu, kujua nani yuko chini, na mtu akianguka, kumzuia kila anayetaka kumfuata mpaka hewa ibadilishwe. "Huyu aliyeanguka ni mmoja," alisema. "Usimuongezee wenzake." Basi nikapewa cheo kwa ajili ya woga. Nadhani ni mimi peke yangu katika ukoo wetu.

Halafu ikaja habari ya kamba. Alituletea mkanda mpana wenye mishipi ya kupita kiunoni na mabegani, na pete ya chuma mgongoni ya kufungia kamba. Anayetangulia kushuka sharti afungwe, mwingine ashike kamba juu. Kwa kuwa anayetangulia kwetu ni kapita, mwalimu alimwomba baba mkwe asogee mbele ili amwonyeshe. Baba mkwe alitabasamu, wala hakusogea.

"Mwalimu, huku kwetu chenye kufungwa kamba ni mbuzi ao mwizi. Minye niko nani katikati yao?"

Hangari zima liliangua kicheko, mwalimu naye akacheka, akamfunga mtu mwingine. Mwalimu alijua mengi kuhusu hewa, lakini hilo hakulijua. Nani angemfunga mzee yule kiuno? Mwanawe? Au mimi mkwe wake, ambaye hata kumshika bega si adabu, ambaye nikikutana naye njiani ninampisha na kuinamisha macho? Tulitazamana mimi na shemeki, tukatazama pembeni.

Mwalimu aliondoka na kidude chake, kwa sababu kilikuwa kimoja tu na kilingojewa mahali pengine. Alituachia kamba, ule mkanda, glavu na kofia ngumu. Kofia moja niliiona baadaye sokoni ikiwa imejaa ndagala. Alituachia pia neno la mwisho, kwamba pasipo kidude tufungue mifuniko yote, tuelekeze upepo ndani, tungoje kwa muda mrefu. Neno ni rahisi kuacha, kwa kuwa halina uzito wa kubeba.

Meli ninayoizungumzia ilitoka kusini mwa ziwa na mahindi tumboni. Njiani ilipigwa na mvua na mawimbi, na ilipofika Kalundu ilichelewa sana. Wafanyabiashara walikuwa wamejaa ufukweni tangu asubuhi, wakipiga kelele kwamba mahindi yao yanaoza. Juu ya sitaha kulikuwa na magodoro na makreti ya soda, yamerundikwa juu ya mifuniko yote isipokuwa mmoja. Ili kufungua yote ingebidi kwanza kuyashusha yale, na wenye magodoro na wenye mahindi walikuwa wakigombana nani aanze. Baba mkwe akaamua tufungue ule mmoja.

Tulipoubandua mfuniko, ilitoka harufu tamu na chachu, kama mtungi wa pombe ya kasiksi uliosahauliwa. Mmoja alisema leo tutalewa bila kulipa. Watu wakacheka. Mimi niliikumbuka ile sauti ya kifaranga ndani ya pipa, na nilihisi jasho likinitoka mgongoni ingawa upepo wa ziwa ulikuwa baridi.

"Baba," nikasema, "tungojeko kidogo. Mwalimu alisema tufungue yote, upepo upite."

Watu walinitazama, si kwa sababu nilikosea, bali kwa sababu mkwe alikuwa akimpangia kazi baba mkwe mbele ya bandari nzima. Yeye hakukasirika.

"Mukwe, upepo utapita tukiwa tunafanya kazi."

"Basi kamba, baba."

Nilikuwa nimeikamata kwa mikono miwili, na ule mkanda ulikuwa miguuni pangu. Sikuweza kumsogelea zaidi ya hapo. Alitazama kamba, akawatazama watu, kisha akanitazama mimi. Naamini aliuona woga wangu na akanionea huruma. Alichukua ncha ya kamba, akaitupia begani kama mtu anayekwenda kuoga na taulo.

"Haya, nimeibeba. Sasa roho yako itulie."

Walicheka tena. Akageuka, akashika ngazi, akashuka. Niliona kichwa chake kikienda chini, mvi zikififia, kisha giza likamchukua. Nilisikia viatu vyake vikigonga chuma, halafu vikakanyaga magunia. Halafu kiganja, pa!

Mara moja tu.

"Muzigo," akaita. Sauti ikaishia hapo.

Na sisi juu, kwa mazoea ya miaka yote ile, tukajibu kwa pamoja, "Iko!"

Mpaka leo jibu hilo ndilo linaloniamsha. Tulijibu swali ambalo halikumalizika, kwa furaha, tukangoja atuambie tushuke. Nilichungulia. Macho yangu yalipozoea giza nilimwona amepiga magoti, kifua chake juu ya gunia, kama mtu anayesali. Kisha akateleza polepole ubavuni mwa gunia na kulala. Nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote. Ilikuja bila uzito. Ilikuja yote, haraka, mpaka ncha yake ikaruka na kuniangukia miguuni.

Nasikia watu husema hofu inakuja kama baridi. Yangu ilikuwa moto, ilianzia masikioni. Shemeki alikuwa tayari ameweka mguu kwenye kidato cha kwanza, na nyuma yake walikuwa wengine, kundi zima, kama siku ile ya chaki. Sikupata muda wa kuwaza cheo changu. Nilimshika shemeki shati, nikamvuta kwa nyuma, sote tukaanguka, na kabla hajainuka nilijitupa juu ya ule mdomo wa mraba nikaulalia. Mimi ninayeogopa mashimo nililala juu ya shimo, tumbo langu likining'inia gizani, vidole vyangu vimeng'ang'ania ukingo wa chuma.

"Toka! Ni baba yangu!"

"Mukishuka mutakufa bote! Mufungue mifuniko! Mufungue!"

Sauti yangu haikuwa ya kiume. Ilikuwa ya mbuzi anayechinjwa. Shemeki alinipiga ngumi mbavuni, akanipiga kisogoni. Mwingine alinivuta mguu. Nilipokataa kuachia, shemeki aliinama akaniuma mkono, hapa juu ya kiwiko, akauma mpaka nikahisi meno yakikutana. "Weye unamuua! Weye iko muoga, na kwa uoga yako unamuua baba!" Nililia na sikuachia. Ile harufu tamu ilikuwa inanipanda usoni, nami nilikuwa nikigeuza kichwa pembeni kuvuta pumzi, nikiogopa kwamba nitazimia na kuanguka ndani kichwa chini, niwe wa pili.

Mzee mmoja wa kundi, mtu wa ndevu asiyeongea, ndiye aliyerudiwa na akili kwanza. Alinyanyua kreti ya soda akaitupa ziwani. Akatupa ya pili. Wengine wakaona, wakaniacha, wakaanza kutupa magodoro na makreti, na huku ufukweni wenye mali wakapiga mayowe. Mfuniko mmoja ukafunguka, halafu mwingine. Wakachukua turubai, wakalinyoosha juu ya mdomo wa upande wa ziwa ili lizoe upepo na kuusukuma chini, kama mwalimu alivyotuonyesha kwa shuka. Shemeki hakusaidia. Alibaki amepiga magoti mbele ya uso wangu, ananiambia polepole sasa, kwa kunisihi, "Shemeki, niache. Niko namuona. Niko naona mukono yake." Hilo lilikuwa baya kuliko meno. Ngumi unaweza kuzistahimili, lakini mtu mwenye nguvu vile akikuomba namna ile, mifupa yako inalegea.

"Bado," nilisema. Sikuwa na neno lingine.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nilijua ni wakati nilipohisi upepo baridi ukitoka chini na kunipiga tumboni, wenye harufu ya ziwa. Ndipo nikajiviringisha pembeni. Wakamvalisha shemeki mkanda, wakamfunga kamba, akashuka. Alimleta baba yake juu akiwa amemkumbatia, huku sisi tukivuta. Tulimlaza juu ya magunia matupu, tukambonyeza kifua kwa zamu jinsi tulivyofundishwa, mpaka mikono ikafa ganzi. Alikuwa amekwisha. Viganja vyake vilikuwa na vumbi la mahindi.

Nilipokuwa narudi nyumbani niliogopa kuliko nilivyoliogopa lile shimo. Mke wangu ni binti yake. Mama mkwe ni mke wake. Ningewaambia nini? Kwamba mtoto wa kiume alitaka kumwokoa baba, na mimi mgeni wa Sange nilimlalia mlango? Kwenye kilio watu hawakunificha. Walisema kwa sauti ya kusikika kwamba kama angeshuka mara moja mtu mwenye nguvu, pengine wangemwahi. Hiyo "pengine" ninayo mpaka sasa. Mwalimu angesema hapana. Lakini mwalimu alikwishaondoka.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ni kweli, kicheko nimekila miaka mingi. Lakini hawakusema inakuwaje mwoga akiwa ameoa kwa shujaa.

Mke wangu alilia mgongo umenielekea. Mimi nilikaa nje na wanaume, mwishoni kabisa mwa benchi. Mama mkwe alitoka ndani ameshikiliwa na wanawake, akasimama. Kwa desturi yetu mimi na yeye hatushikani mikono, wala hatutazamani.

"Ni nani alikatazaka mutoto yangu asishuke?" akauliza.

Shemeki alitazama chini.

"Ni minye, mama," nikasema.

Kisha akauliza, "Alikuuma?"

Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu. Sijui nani alimwambia. Nilisema ndiyo. Akarudi ndani, na watu wakaanza kunong'ona. Baada ya kitambo akatoka mwenyewe, mjane wa siku hiyo, na bakuli la maji ya moto yenye chumvi na kitambaa. Hakunipa mkononi. Aliliweka chini kwenye udongo, karibu na mguu wangu, akasema bila kunitazama, "Sasa mungekuwa munaniletea bawili." Akaingia ndani.

Shemeki hakunisemesha. Tulimzika baba yake, hakunisemesha. Tulirudi kazini, alinipa gunia kwa kunisukumia tu. Kundi lilimchagua awe kapita mahali pa baba yake, naye akakubali kwa kutikisa kichwa. Nikasema moyoni, atanifukuza, na nitarudi Sange kwenye vyura wangu. Mwanzoni zilikuja meli za saruji na chumvi, naye akawa anashuka kama baba yake, anapiga, anaita. Tulipojibu "Iko," mimi mdomo wangu ulifunguka bila kutoa sauti.

Kisha ikaja meli ya mahindi. Mvua ilikuwa imenyesha. Wafanyabiashara walikuwa walewale, na kelele zao zilikuwa zilezile. Shemeki aliamuru mifuniko yote ifunguliwe na turubai litandazwe. Halafu akakaa juu ya kreti, akakunja mikono. Walimtukana, wakamwambia baba yake hakuwa akichelewesha kazi. Alikaa. Jua lilisogea na sisi tumekaa naye. Mimi nilisimama mahali pangu, kwenye ukingo wa mdomo, mkanda na kamba mikononi.

Mwishowe aliinuka akanijia. Nilidhani ananijia kwa ngumi, nikafunga jicho moja. Alisimama mbele yangu, akanigeuzia mgongo, akainua mikono yote miwili juu, mbele ya bandari nzima. Hakuna aliyecheka.

Nikamvika mkanda. Nikapitisha kamba kwenye pete. Fundo la kwanza lilikuwa legevu, ikabidi nianze upya.

"Nikianguka?" akauliza, bila kugeuka.

"Sitakufuata."

"Na bengine?"

"Sitabaachilia."

Alivuta pumzi ndefu.

"Kaza," akasema.